Vyaelea, Vimeundwa: Mitindo ya Pikipiki Zilizoundwa Upya, kwa Mfano wa Kewanja

Methali ya mabaharia yasema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliotunga methali hiyo walijua gharama ya ubao, ya msumari na ya jasho, na maana yake haikufungwa baharini. Kila chombo kiendacho, kiwe cha majini au cha nchi kavu, hupita mikononi mwa fundi kabla ya kupita machoni pa mtazamaji. Na mtazamaji asiyeijua kazi ya mikono ile huishia kuona rangi. Uhakiki wa sanaa kwa Kiswahili umekwisha kulizoea shairi, mlango wa nakshi, kanga na jahazi. Pikipiki imekaa zaidi nje ya baraza hilo. Itajwapo, hutajwa kwa habari ya ajali au ya riziki, na ni nadra kutajwa kwa habari ya umbo. Walakini hakuna chombo ambacho vijana wa Afrika ya Mashariki wa karne hii wamekitia mikono yao zaidi ya hiki. Wamekikata, wamekichomelea, wamekivika nguo na kukiandika maneno. Makala haya yanauliza swali moja: ni kitu gani kitengacho mtindo mmoja na mwingine katika pikipiki zilizoundwa upya na mafundi wa mitaani, na mhakiki atumie kipimo gani ili asihadaiwe na mng'aro?

Swali hili limekwisha kujibiwa kwingineko, na majibu yale yafaa kutazamwa kwanza. Huko Marekani, tangu miaka ya 1930 na zaidi baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, wako waliozitwaa pikipiki nzito za kiwandani, wakaling'oa bati la gurudumu la mbele na kulikata fupi la nyuma, ili chombo kiwe chepesi. Mtindo huo ukaitwa bobber. Miaka ya 1960, hasa California, mkato ulikwenda mbali zaidi. Shingo ya fremu ilikatwa na kuchomelewa kwa pembe nyingine, uma wa mbele ukarefushwa, usukani ukainuliwa, na gurudumu la mbele likatangulia mbali kama mtu anyooshaye miguu barazani. Hiyo ndiyo chopper. Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960, vijana waliokutana katika mikahawa ya kando ya barabara, mmojawapo ukiwa Ace Cafe ya London, walikwenda njia ya tatu. Waliushusha usukani, wakarudisha nyuma mahali pa kukanyagia, wakatia kiti cha mtu mmoja, mpandaji akalala juu ya tangi kama aukataye upepo. Hiyo ndiyo café racer. Na walioizamia sana kazi hiyo walitia injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, wakauita mzao huo Triton.

Katika habari hizo yamo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hakuna hata jina moja kati ya hayo matatu lililotokana na rangi. Chopper nyeusi na chopper nyekundu ni chopper. Mtindo hujulikana kwa pembe ya shingo, kwa urefu wa uma, kwa mahali pa kiti na kwa mkao wa mwili wa mpandaji. La pili ni kwamba kila mkato una shabaha. Mmoja wataka wepesi, wa pili wataka kuonekana, wa tatu wataka mbio. Mtindo, basi, ni shabaha iliyogeuka umbo. Na liko jambo la tatu, la huzuni, lisilofaa kupitwa. Filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ndiyo iliyoitangaza chopper duniani, na pikipiki zake zilitokana na kazi ya Clifford Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi wawili. Walakini majina yao hayakuandikwa katika orodha ya walioitengeneza filamu ile. Dunia nzima iliona vyaelea, aliyeviunda hakuulizwa.

Waswahili wa pwani hawakuhitaji mafunzo ya kwanza kutoka ng'ambo, kwa kuwa walikuwa nayo. Mtaalamu A. H. J. Prins, aliyeandika juu ya ubaharia wa Lamu katika kitabu kilichotoka mwaka 1965, aliwakuta watu wanaovitambua vyombo kwa mbali. Jahazi la Lamu hujulikana kwa hanamu iliyosimama wima, na la Unguja kwa hanamu iliyolala mbele. Macho ya duara yaliyotiwa ubavuni mwa omo yalipendeza na yalikuwa na maana yake, lakini nahodha aliyetaka kujua ni chombo cha wapi hakuanza na macho; alianza na hanamu. Mtepe nao haukuitwa mtepe kwa pambo lolote, bali kwa kuwa mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Hiki ndicho kipimo kilichoachwa na wahenga: tazama kwanza kiungo kibebacho kazi, kisha tazama pambo, kisha uliza kama pambo lakubaliana na kazi.

Kipimo hicho sasa na kichukuliwe bara, hadi Kewanja.

Kewanja iko wilayani Tarime, mkoani Mara, katika eneo lijulikanalo zaidi kwa jina la Nyamongo. Na ng'ambo ya Mto Mara ni Serengeti. Ni nchi ya Wakuria, watu wa ng'ombe na wa litungu la nyuzi nane. Ni nchi ya dhahabu pia. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha kibiashara mwaka 2002, ukapita katika mikono ya makampuni kadhaa ya kigeni, na vijiji vyauzunguka kama wageni wa arusi waliosimama nje ya dirisha. Barabara zake ni za udongo, vilima na mawe. Kiangazi huwa vumbi. Masika huwa matope yanayoshika gurudumu kama deni. Mahali kama hapa gari dogo huogopa na lori hupita likielekea kwingine. Pikipiki ndiyo iliyobaki na watu. Yampeleka mama mjamzito zahanati, mwalimu shuleni, ndizi sokoni, saruji mahali panapojengwa, na viroba vya mawe kwenye karasha ambako wachimbaji wadogo husaga riziki yao.

Chombo chenyewe, kabla ya kuguswa, ni kile kile kilichoenea nchi nzima: pikipiki ya Kihindi au ya Kichina, aghalabu Boxer au TVS, yenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, iliyokusudiwa kubeba watu wawili katika barabara njema. Hapa uko mfano wenye manufaa kwa msomaji wa ushairi. Mtunzi wa shairi la mapokeo haanzi na uwanja mtupu. Hupokea mizani na vina, na ufundi wake huonekana katika yale ayafanyayo ndani ya mipaka hiyo. Fundi wa Kewanja naye hupokea fremu, injini na magurudumu mawili. Tofauti ni moja tu: mizani ya shairi ilipangwa na wenyeji kwa sikio la wenyeji, na fremu hii ilipangwa mbali kwa barabara nyingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuisahihisha, na kazi ya kuipamba huja baadaye.

Mitindo inayoonekana katika vijiwe vya eneo hili, na katika vijiwe vingi vya bara, yaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni pikipiki ya mzigo. Alama yake ni keria ya chuma iliyochomelewa nyuma, pana na ndefu, ikishikiliwa na mihimili miwili ishukayo hadi karibu na ekseli. Fundi mwema hutia nguvu katika fremu pale keria inapoungana nayo, kwa kuwa anajua kwamba chuma hukatika kwenye maungio kabla ya kukatika kwingine. Shokapu za nyuma huongezewa springi au hubadilishwa kwa za chombo kizito zaidi. Sproketi ya nyuma hutiwa yenye meno mengi, ili injini ipoteze mbio na kupata nguvu ya kupanda kilima. Tairi huwa la vipande vikubwa. Mtindo huu hauna maringo, na ndio ulio mgumu kuutunga. Keria ikizidi kurefuka nyuma ya ekseli, mzigo hulala nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hauutii mkono wa dereva. Urefu wa keria ni kama urefu wa mshororo: mtunzi mchanga hudhani kwamba kuongeza ni kukuza, kumbe amevunja mizani.

Fungu la pili ni pikipiki ya abiria. Hii hujulikana kwa kiti kilichoshonwa upya na kujazwa sponji, kwa vyuma vilivyopindwa kando ya injini ili kuikinga miguu, kwa mahali pa kukanyagia palipopanuliwa, na kwa mpira mrefu wa kuzuia matope ulioning'inia nyuma. Mahali pengine huwa na mwavuli mkubwa uliofungwa mbele na nyuma kama paa la kibanda. Shabaha yake ni adabu. Chombo chamwambia abiria kwamba amefikiriwa. Kiti chake hakifanani na kile cha café racer, kilichopunguzwa hata kikamkataa mtu wa pili. Kiti cha Kewanja kimerefushwa, maana pasipo mtu wa pili hapana chakula cha jioni.

Fungu la tatu ni pikipiki ya fahari. Hapa zimo taa za rangi chini ya tangi, vishada vya nyuzi kwenye mikono ya usukani, vioo viwili vikubwa au vinne, manyoya juu ya tangi, stika za timu ya Simba au ya Yanga, bendera, na redio yenye spika inayoimba kabla dereva hajasema. Wengi hudhani kwamba huu ndio mtindo halisi na kwamba yale mafungu mawili ni kazi tu. Dhana hiyo ndiyo iliyompata Jan Hoek, mpiga picha wa Uholanzi, aliyeungana na mbunifu wa mavazi Bobbin Case katika mfululizo uitwao Boda Boda Madness. Waliwapiga picha madereva wa Nairobi wenye vyombo vilivyopambwa, wakiwa wamevishwa mavazi yaliyobuniwa kufuata mapambo hayo. Picha ni nzuri na zina furaha. Lakini ndani yake pikipiki imesimama. Haina gunia, haina abiria, haina tope, imekuwa sanamu. Mhakiki akiishia hapo atakuwa kama msomaji wa shairi aliyehesabu vina vyote na asiulize limesema nini.

Mafungu hayo matatu yajibu swali kwa upande wa shabaha. Walakini liko pambanuo lingine, la ndani zaidi, ambalo halionekani kwa jicho mpaka lielezwe. Nalo ndilo linalotofautisha mitindo ya huku na ile ya California au London. Mwenye chopper aliikata fremu yake. Neno zito hapo ni "yake". Katika vijiwe vya Tanzania madereva wengi hupanda chombo cha mtu mwingine. Yuko anayepeleka hesabu kwa bosi kila siku. Yuko aliye katika mkataba, alipaye siku kwa siku au wiki kwa wiki mpaka siku ya mwisho chombo kiwe chake. Yuko deiwaka, ambaye hupewa chombo kwa saa chache mwenyewe akipumzika. Na yuko, mwisho, aliye na kadi ya chombo kwa jina lake. Kila mmoja wa hao ana mpaka wa kugusa umbo. Deiwaka huja na alichonacho mwilini. Wa hesabu huweza kubandika stika, kufunga kishada, kuvika tangi kitambaa. Yaani vitu vinavyobandukana jioni chombo kikidaiwa. Aliye katika mkataba huthubutu kushona kiti. Mwenye kadi peke yake ndiye awezaye kumwambia fundi: kata hapa, chomelea pale.

Kwa hiyo pambanuo kubwa la mitindo ya pikipiki katika nchi hii ni kati ya mtindo wa kubandika na mtindo wa kuchomelea. Ule wa kwanza ni sanaa ya mtu ambaye chombo si chake. Huu wa pili ni sanaa ya mtu aliyekwisha kukimiliki. Jambo hili lageuza hukumu ya haraka juu ya pikipiki ya fahari. Msomi aipitaye akicheka wingi wa vishada hudhani ameona upuuzi wa vijana. Kumbe aghalabu ameona sehemu pekee ya chombo iliyo ya dereva. Chuma ni cha bosi, faida ni ya bosi, kishada ni chake. Mapambo yanapokuwa mengi mno juu ya chombo ambacho chuma chake hakikuguswa, mhakiki na asome hapo habari ya miliki kabla ya kusoma habari ya ladha. Na katika Kewanja, ambako kitu cha thamani kuliko vyote hutoka ardhini na kwenda mbali, swali la nani anamiliki na nani anapamba tu halikuzaliwa kijiweni.

Kati ya kubandika na kuchomelea yako maandishi. Yapo kwenye mpira wa matope, kwenye bati la nyuma, na mara nyingine kwenye kioo. Maneno yenyewe ni yale yanayojulikana: ya kumshukuru Mungu, ya kuonya mahasidi, ya kusifu kazi, ya kutaja mama. Wengi wamekwisha kuyalinganisha na jina la kanga, na ulinganisho huo ni wa haki, ila sababu yake kubwa haitajwi. Jina la kanga ya kiunoni husomwa nyuma ya mvaaji, na la pikipiki husomwa nyuma ya dereva. Yote mawili ni maneno ya mtu aliyekwisha kukupa kisogo. Hayangoji jibu, na kwa hiyo huweza kusema yale ambayo uso kwa uso yangezusha ugomvi. Tofauti yao ni ya muda. Kanga husomwa kwa mwendo wa miguu, na mwandishi wake anaruhusiwa fumbo. Pikipiki husomwa kwa nukta chache katikati ya vumbi. Fumbo lirefukalo hupotea kabla halijafumbuliwa. Ndiyo maana maandishi yake yaliyo bora ni ya maneno mawili au matatu, na yaliyo mabovu ni yale yaliyotaka kuwa mahubiri.

Yabaki sasa kutoa hukumu, maana uhakiki usiohukumu ni orodha ya bidhaa. Yako mapambo yanayomsaliti mwenye chombo. Taa kali ya mbele iliyoelekezwa juu humpofusha anayekuja. Stika iliyofunika taa ya nyuma yakifanya chombo kisionekane usiku. Bomba la moshi lililotobolewa ili lilie huwaamsha watoto wa kijiji kizima na halimwongezei dereva hata kilima kimoja. Vioo vinne vilivyogeuzwa vimtazame dereva badala ya barabara vimekwisha kuacha kuwa vioo. Wako watakaosema kwamba hukumu hii ni ya ukali. Kwamba furaha ya kijana maskini isipimwe kwa manufaa. Neno hilo lina ukweli, na furaha yenyewe ni manufaa: dereva apendaye chombo chake hukiosha, na akioshaye huona ufa mapema. Lakini furaha inayompofusha mwenziwe ni deni, na hulipwa na mtu mwingine. Shairi lenye vina vya kati vitamu na maana iliyopotoka huitwa shairi baya bila kumwonea mtu haya. Pikipiki istahili heshima ile ile.

Kwa kipimo hicho, chombo bora ni kile ambacho pambo lake limeota kutoka katika kazi yake. Keria ya mzigo ambayo vyuma vyake vimepindwa kwa mlingano mzuri, na ambayo mikunjo yake ndiyo inayoizuia kamba isiteleze, ni umbo na kazi kwa pamoja, wala hakuna awezaye kulitoa pambo bila kuivunja keria. Kiti kilichoshonwa kwa rangi mbili, mshono wake ukiwa ndio mpaka wa dereva na abiria, ni cha namna hiyo pia. Mfano ulio kamili zaidi hauna injini. Kivu, upande wa Goma, watu huunda chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kinachosukumwa na kupandwa, chenye kubeba mamia ya kilo za viazi, makaa au kuni. Chukudu haikusahihisha umbo la mgeni. Ilizaliwa kutoka katika mzigo wenyewe na mteremko wenyewe, na kila kiungo chake chasema kwa nini kipo. Mji wa Goma uliisimamishia sanamu yenye rangi ya dhahabu. Nchi ya Nyamongo ina dhahabu yenyewe, na mafundi wake wa kuchomelea hawana hata ubao wa jina.

Kazi inayowangoja wataalamu wa Kiswahili ni ya karibu nao sana. Jahazi lina maneno yake: mkuku, taruma, hanamu, fashini, foromali. Kila moja ni kumbukumbu ya fundi aliyekiita kiungo alichokiunda. Gereji za Kewanja, za Tarime mjini, za Mugumu na za Musoma zimejaa maneno ya namna hiyo: keria, shokapu, sproketi, madigadi, na mengine ya kijiwe kimoja tu ambayo kijiwe cha pili hakiyajui. Yafaa yakusanywe yangali hai, pamoja na maelezo ya fundi juu ya kila mkato alioufanya na sababu yake. Na mwishoni mwa maelezo hayo liandikwe jina la fundi mwenyewe, kwa idhini yake, kama linavyoandikwa jina la mtunzi chini ya shairi lake.